Kiganja cha Kibwana

Kila mwaka, mahindi yakishaingia darini na mvua zikiwa bado mbali, Chausiku na watu wa nyumbani mwake waliikandika nyumba yao upya. Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye mteremko juu ya Mkuyuni, na ukisimama mlangoni uliona moshi wa sokoni na njia ya kwenda Matombo. Mumewe, Kibwana, alichimba udongo mwekundu nyuma ya migomba na kuukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika. Binti zao wawili, Mwaisha na Asia, walichota maji. Chausiku alizisiriba kuta kwa kiganja, akianzia juu, na hakupenda mtu amsaidie.

Ukuta ukikauka, rangi zilifuata. Nyeupe ilitoka kwenye udongo wa ukingo wa kijito, ukalowekwa na kuchujwa kwa kitambaa kikuukuu. Nyeusi ilikuwa masizi ya vyungu. Chausiku alichemsha mlenda, akachanganya ute wake na rangi ili zishike ukutani zisiwachafue watu nguo. Yeye alichora mistari ya kupandana kuzunguka madirisha. Mwaisha alitafuna ncha ya kijiti ikawa kama brashi, akachora majani ya mgomba. Asia, aliyekuwa mdogo, alichora kuku, kila mmoja na miguu mingi kadiri alivyopenda.

Mwisho wa kazi, watu wa nyumba walichovya kiganja kwenye rangi nyeupe na kukibandika kando ya mlango. Walikuwa watu wa nyumba kwa maana ya ukoo. Kibwana alikuwa ametoka bondeni, upande wa Dakawa, akaja kuoa na kukaa kwa mkewe. Nyumba, migomba, shamba na watoto vilikuwa vya ukoo wa Chausiku, kama ilivyo desturi ya Waluguru, na Kibwana aliyajua hayo siku anakuja na hakuwahi kuyalalamikia. Wenzake wakibandika viganja, yeye alienda kunawa miguu.

Mwaka huo Mwaisha alimwita. "Baba, na wewe."

Kibwana akamtazama mkewe.

"Weka basi," Chausiku alisema. "Rangi inakauka."

Akaweka mkono wa kulia. Kilikuwa kiganja kikubwa, na kidole cha mwisho kilipinda, kwa sababu kilivunjika siku alipoiezeka nyumba hiyo. Alirudi nyuma akakitazama, kisha akacheka peke yake, akaenda kunawa.

Asubuhi ya pili alikuja Abasi. Alikuwa kaka mkubwa wa Chausiku, na ndiye ambaye serikali ya Mdachi ilimtambua kuwa jumbe wa kijiji. Chausiku alimwamkia na kumpa uji. Abasi alikunywa akiwa amesimama, akizisifu kuta.

"Nyumba imependeza sana. Na hiki cha nani?"

"Cha baba Mwaisha."

Abasi aliweka bakuli chini. Hakuwa mtu wa kufoka. "Mdogo wangu, shemeji tunamheshimu. Anafanya kazi, hana maneno. Lakini ukuta huu ni wa mama yetu. Leo ataweka kiganja, kesho watu wa kwao watasema shamba nalo ni lake. Kifute."

Chausiku alikuwa na la kujibu. Alilipata baadaye, alipokuwa akipalilia, na aliendelea kulipata tena na tena kwa miaka mingi, kila mara likiwa limepangika vizuri zaidi. Asubuhi hiyo alichukua tonge la udongo mwekundu, akakifunika kiganja cha mumewe, akasawazisha.

Kibwana alitokea shambani akiwa na mkungu wa ndizi begani. Aliuona ukuta.

"Kimeharibika?"

"Kaka amesema."

"Haya," alisema Kibwana, akautua mkungu kwa mkono wa kushoto.

Jioni alisema mkono wa kulia umekufa ganzi. Chausiku aliusugua kwa mafuta ya nyonyo, akamwambia ni uchovu wa kuchimba udongo.

Haikupita muda, akida, mkubwa wa majumbe, alituma habari kwamba reli, iliyokuwa imekwisha kupita Morogoro, sasa inasogea kuelekea Kilosa, na kila jumbe atoe wanaume. Abasi alikaa barazani kwake akafikiri, kisha akawataja. Wote walikuwa wanaume waliokuja kuoa. Hakuna aliyeshangaa, wala hao waliotajwa. Askari alikuja kuwachukua asubuhi yenye ukungu. Chausiku alimfungia mumewe ndizi za kukausha na unga, akamsindikiza mpaka njia panda. Alitaka kumwambia juu ya ukuta. Alimwambia asisahau chumvi.

Kiganja kilitokea tena siku chache baadaye, Chausiku alipokuwa akifagia uwanja. Udongo aliokifunika nao haukuwa umepasuka wala kubanduka. Kiganja kilikuwa juu yake tu, cheupe, kidole cha mwisho kimepinda. Aliweka ufagio chini akakigusa. Kilikuwa na joto, kama kiganja cha mtu aliyetoka kufanya kazi.

"Baba amerudi," Asia alisema.

"Mkono tu," Mwaisha alimjibu.

Tangu hapo watoto walikiamkia kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Wakati wa mchana kilinuka chuma na jasho. Polepole kiliota sugu chini ya vidole, nazo zikawa ngumu hata ukipitisha mkono ukutani unazihisi. Siku moja kilikuwa na jeraha kwenye kitako cha gumba. Chausiku alitwanga majani, akayabandika hapo kwa kitambaa na kijiti, akayabadilisha asubuhi na jioni mpaka jeraha likafunga. Majirani waliopita walimuuliza mgonjwa anaendeleaje, naye akawajibu anaendelea vizuri.

Mfungo wa Ramadhani ulipokaribia kwisha, alikumbuka kwamba Abasi hufika kwake siku ya Idd. Kiganja kilikuwa kando ya mlango, mahali ambapo mgeni hawezi kukikosa. Mkesha wa Idd, jua likiwa bado juu, alikanda udongo kidogo.

"Kwa nini?" Mwaisha alimuuliza.

"Mjomba wako anakuja kula."

Akakifunika. Abasi alikuja, akala wali na kuku, akawapa watoto visheti, akaondoka ameridhika. Kesho yake kiganja kilitokea tena, lakini kwa siku kadhaa kilikuwa baridi, na vidole vilikaa kama vya mtu aliyeshika kitu kikamponyoka.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Salum aliporudi. Salum alikuwa mtoto wa Abasi wa kumzaa, kijana mcheshi, lakini kwa kuwa alioa katika kijiji kingine huko bondeni, jumbe wa huko ndiye aliyemtoa kwenda relini. Taruma la reli lilikuwa limemwangukia mguu, na mtu asiyeweza kusimama hakuwafaa kitu. Alipanda mlima kwa fimbo, akipumzika kila penye jiwe, na kabla ya kufika kwa baba yake alipita kwa Chausiku.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Pole na mguu."

Salum alikaa. Alikiona kiganja, akakitikisia kichwa kama mtu anavyomsalimia mwenzake wa kazini.

"Ni chake," alisema. "Tulikuwa kundi moja. Shangazi, yule mtu mkono wake wa kulia ulikuwa na matatizo tangu alipofika. Haushiki. Anashika nyundo, nyundo inadondoka. Msimamizi akasema anajisingizia, akalazwa chini akapigwa viboko hamsa ishirini. Basi siku chache mbele mkono ukapona wenyewe. Ukawa na nguvu, jamani! Mpaka tukamwita Winchi."

"Ukapona kabisa?"

"Ukapona. Halafu siku ya Idd ukafa tena. Sisi Waislamu tuliruhusiwa kuswali, asubuhi ile tu. Yeye alikuwa amelazwa kifudifudi anahesabiwa."

Chausiku aliinuka akaingia ndani. Salum alisikia akisogeza vyungu, kimoja baada ya kingine, bila kuwa na haja navyo. Alipotoka alimletea maji ya kunywa na ndizi ya kuchoma.

"Alikuagiza chochote kwangu?"

"Alisema mwambie shangazi yako chumvi nilisahau."

Alasiri hiyohiyo Chausiku alishuka kwa kaka yake. Alimkuta barazani. Alimwamkia, akakaa chini kwenye jamvi.

"Kaka, njoo uone kitu."

Abasi alimfuata. Alikitazama kiganja kwa utulivu, akavua kofia, akaweka kiganja chake juu yake.

"Hujambo, shemeji," aliuambia ukuta. Akangoja kidogo kama mtu anavyongoja kuitikiwa. Kisha akautoa mkono, akaufuta kwenye kanzu. "Yu hai. Ana homa kidogo."

"Mrudishe."

"Nikimrudisha, nimpeleke nani badala yake? Akida anataka idadi yake. Nimpeleke mtoto wa mama yetu mdogo? Nimpeleke mtu wa kaburi moja na sisi?"

"Salum ni mwanao. Umemwona mguu wake?"

"Nimemwona." Abasi alivaa kofia yake. Aliitengeneza mara moja, akaitengeneza tena. "Salum si wa ukoo wangu, ni wa ukoo wa mama yake, na huko alikooa walimtoa. Nilisema nini? Sikusema neno. Jumbe yule angeniuliza, Abasi, wewe umemtoa nani? Wao wametoa wangu, mimi nimetoa wa kwao. Ndivyo tunavyokwenda, Chausiku. Ungekuwa wewe ungetoa nani?"

Chausiku alitafuta mtu wa kumtaja. Aliwapitia vijana wa ukoo mmoja mmoja, wengine aliwabeba mgongoni walipokuwa wachanga. Hakumtaja yeyote.

"Basi walau usinitake nikifunike tena," alisema.

"Usikifunike. Mtu asionewe," alisema Abasi, na alikuwa mkweli.

Kuanzia hapo Chausiku alikuwa akikaa kando ya mlango kila alipopata nafasi, akichambua mboga, na akimweleza mumewe yote aliyoshindwa kumweleza njia panda. Alimwambia kwamba ukuta ulipendeza zaidi ulipokuwa na mkono wake. Alimwambia kwamba yeye hakutaka kukifuta, kisha akajirekebisha, akasema alikubali upesi, na kukubali ndiko kulikomsumbua. Kiganja hakina sikio. Kilibaki na joto lake, sugu zake na harufu yake ya chuma, na wakati mwingine kililoa jasho lililotiririka ukutani mpaka chini na kuwafuta kuku wa Asia miguu.

Masika ilipopamba moto, walikuwa wote watatu wamekaa barazani wakimenya maharage. Asia aliegemea ukuta kama kawaida yake.

"Mama, baba amepoa."

Chausiku aliweka ungo chini. Alikishika kiganja, akakisugua kwa mafuta ya nyonyo, akakipulizia pumzi kama mtu anavyopuliza mikono ya mtoto asubuhi ya baridi. Watoto walisubiri. Kisha alimtuma Mwaisha maji. Alikiosha taratibu, kidole kwa kidole, akachukua kipande cha bafta nyeupe, akakitundika juu yake kwa vijiti. Baada ya hapo ndipo alipolia.

Mwalimu wa chuo cha Kurani aliwaswalisha watu swala ya maiti asiyekuwapo. Palizuka mjadala kama kiganja kizikwe, lakini hapakuwa na namna ya kukizika bila kubomoa ukuta, na mvua zilikuwa kubwa. Abasi alisema kikae. Alisema kwa upole, mbele ya wazee wote, kwamba marehemu hadai shamba. Alisaidia kuchinja mbuzi wa hitima, akakaa na waombolezaji mpaka mwisho. Alipokuwa akiaga, alimwambia Chausiku kwa sauti ya chini kwamba akida amekwisha kupata habari na anataka mtu wa kuziba pengo. Alikuwa ameamua kumtoa mume wa mwanamke aitwaye Pili, jirani wa Chausiku, kijana aliyehamia kutoka Mvuha mwaka huohuo.

Kabla kijana huyo hajaondoka, Pili alikuja kuomba udongo mweupe. Chausiku alimwonyesha namna ya kuuchuja na kiasi cha mlenda cha kutia. Msimu wa kukandika ulipofika, nyumba nyingi za mteremko ule zilikuwa na viganja vya wakwe kando ya milango. Abasi hakukataza. Alizoea kupita asubuhi, nyumba hadi nyumba, akiwaamkia wanawake na kugusa kuta. Alipokuta pamepoa alikohoa mlangoni, akatoa mkono wa pole, akasaidia hitima, kisha akataja mkwe mwingine. Habari zilimfikia akida, naye akausifu utaratibu huo, kwa kuwa zamani ilichukua miezi kujua nani amekufa.

Miaka kadhaa baadaye, Mwaisha alipokuwa mwari, alikuja kijana kutoka bondeni na wazee wake kuleta posa. Alikuwa na adabu. Alizisifu rangi za nyumba, akauliza ni mlenda wa namna gani unaozishikisha hivyo. Chausiku alimtazama mikono muda mrefu, kisha akamwambia arudi kwao, atafute mke huko, asipande tena mlima huu.

Wageni waliinamisha vichwa. Abasi aliona dada yake amevunja heshima ya nyumba, akawaomba radhi, akawachukua kwake. Posa ikapokelewa huko, kwa jina la ukoo, bila Chausiku kuwapo.

Kijana alihamia kabla ya mvua. Alikuwa hodari wa udongo, na ukuta alioukandika ulinyooka kuliko zote. Siku ya kumaliza, alichovya mkono kwenye rangi, akaubandika kando ya mlango mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.