Tyubu ya Kwanza

"Seli moja, dada. Moja. Mmehangaika na mashine yenu wiki nzima mkaambulia seli moja, halafu unataka nikatwe kibofu."

"Nataka uishi. Mambo ya kukata ni ya daktari."

"Basi mwambie daktari aanze na chake."

Kaka mtu alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wa gari uliolazwa juu ya ndoo mbili, akiusugua kwa msasa wa maji. Hakuinua uso. Miaka thelathini alikuwa fundi wa kupuliza rangi za magari, na gereji nzima ilinuka kazi yake: rangi, tina ya kuyeyushia rangi na moshi wa sigara alizoapa kuziacha. Mkewe alikaa juu ya kopo kubwa lililopinduliwa, mikono kifuani, akimtazama wifi yake kwa macho ya mtu aliyeomba msaada na sasa anauona unakwenda mrama.

Dada mtu alikuwa ametoroka kazini saa ya chakula. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali kubwa, mama wa watoto watatu, na mwanamke asiyejua kuzunguka mbuyu. Alivuta kigoda akakaa karibu na ule mlango.

"Sikiliza. Ulikojoa damu, ukanyamaza miezi miwili. Wakakukwangua uvimbe, wakakuwekea dawa kibofuni kila wiki. Uvimbe umerudi, na ni ule mkali. Bado haujaingia kwenye msuli, lakini seli zake tumezikuta zinatembea kwenye damu. Mtu mwenye hizo seli, mara nyingi ugonjwa wake haukai mahali pamoja. Ndiyo maana daktari anasema kibofu kitoke sasa."

"Zinatembea. Nyinyi mmeona moja, wewe unasema zinatembea. Acha kutia chumvi."

"Moja inatosha kuhesabiwa."

"Na mimi nitembee na mfuko wa mkojo tumboni maisha yangu yote kwa ajili ya hiyo moja? Nikiinama kupuliza rangi chini ya gari, umwagike?"

"Haumwagiki," mkewe alisema. "Umeambiwa mara tatu haumwagiki."

"Nyie wawili mmeshakula njama." Alichovya msasa kwenye maji, akaendelea kusugua. Kisha sauti yake ikalegea kidogo. "Siku ile angalau ulinionea huruma. Uliona sindano inavyonitoa jasho, ukajaza kichupa kimoja ukaniachia. Yule mama aliyenitangulia alijaziwa viwili. Leo huruma imekwenda wapi?"

Neno hilo likamrudisha dada mtu kwenye chumba cha kutolea damu.

Viwili. Ndiyo, kila mtu alitolewa tyubu mbili. Ya kwanza haikutumika kwa kipimo kile hata siku moja, na sababu alikuwa akiwafundisha wanafunzi kwa kinywa chake: sindano inapopasua ngozi huweza kubeba seli ya ngozi, na seli ya ngozi ina alama ileile ambayo mashine huitumia kunasa seli za uvimbe. Kwa hiyo damu ya kwanza unaiweka kando, ya pili ndiyo unayoipima. Siku ile kaka yake, jitu la futi sita, alikuwa amegeuka rangi ya majivu kwenye kiti. Yeye akamwambia, moja tu, tumemaliza. Akajaza tyubu ya kipimo moja kwa moja. Kisha kwenye fomu, pale palipoulizwa kama tyubu ya kwanza imewekwa kando, mkono ukaweka tiki wenyewe kwa mazoea.

Aliona jinsi ya kulimaliza jambo hili kimyakimya. Aseme tu mwishoni mwa mwezi kwamba kipimo kirudiwe, iwe kama utaratibu. Hakuna ambaye angejua. Lakini kaka yake angebaki na ile seli moja kichwani, daktari naye angebaki nayo kwenye faili, na mtu angekatwa au asikatwe kwa sababu ya ngozi ya mkono.

"Nimekosea," alisema.

Msasa ukasimama.

Akawaeleza yote, hata ile tiki. Hakupamba. Mkewe akashika kichwa. Kaka mtu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo mmeikuta ngozi yangu mwenyewe, mkataka kunitoa kibofu. Mke wangu, umesikia wasomi?"

"Cheka. Nimestahili."

"Basi limekwisha."

"Halijaisha. Inawezekana ni ngozi, inawezekana ni uvimbe, hatujui. Na kutojua hakujakuponya. Kesho asubuhi unakuja kutolewa damu upya, na safari hii ni tyubu mbili."

"Na ikitoka sifuri?"

"Ikitoka sifuri nafunga mdomo. Utazungumza na daktari, mimi simo."

Kaka mtu alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Wewe? Ufunge mdomo? Kwa hilo tu nakuja."

Alasiri ile dada mtu aligonga mlango wa mkuu wa maabara, mzee mwembamba ambaye wafanyakazi walimwita Kanuni, si kwa mapenzi. Alisimama mbele ya meza yake akasema alichofanya. Kanuni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ulimwonea huruma."

"Ndiyo."

"Huruma imekupa jibu lisilo na maana. Ungemchoma vizuri angekuchukia dakika mbili tu." Akavuta daftari la makosa akamsogezea. "Andika. Sahihi hapo chini. Mwezi mzima hutoi damu ya mtu. Na huyu kaka yako hutamgusa, wala picha za seli zake hutazisoma. Daktari nampigia simu sasa hivi, jibu la kwanza limefutwa."

Alitarajia aibu imtafune. Badala yake alipotoka pale alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetema kitu kilichokwama kooni.

Asubuhi iliyofuata Kanuni alimtoa damu fundi kwa mkono wake mwenyewe. Dada mtu alisimama nyuma ya kioo. Mzee alimfunga mpira mkononi, akabonyeza mshipa, akaubonyeza tena, akafikiri.

"Mzee," kaka mtu alisema, macho kayafumba, "unatafuta mshipa au unachimba kisima?"

"Natafuta jibu. Tulia."

Tyubu ya kwanza ikajaa, ikawekwa kando. Ya pili ikajaa, ikageuzwageuzwa taratibu na kupangwa kwenye kishikio, hapohapo mezani, kwa maana damu ya kipimo hiki haiingizwi kwenye friji. Watu wawili wangesoma picha, kila mmoja peke yake, bila kuambiana.

Jibu lilichukua siku nne. Siku ya tano waliitwa wote watatu. Daktari wa upasuaji alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi, na dada mtu alimpenda kwa hilo.

"Seli nne," daktari alisema. "Wasomaji wote wawili wamekubaliana. Sasa unielewe vizuri. Kipimo hiki bado ni cha utafiti, na si ramli. Kuna watu wenye seli hizi wanaokaa salama, na wasio nazo wanaozidiwa. Lakini kati ya wagonjwa wenye uvimbe kama wako, hawa wenye seli kwenye damu ndio wanaoharibikiwa zaidi. Uvimbe wako ni mkali na umerudi licha ya dawa, kwa hiyo hata bila kipimo ningekushauri tukitoe kibofu. Kwa kipimo hiki, sitaki tusubiri."

Dada mtu alikuwa na maneno yamejaa shavuni, akayabana. Mfukoni mwake vidole vilikuwa vimekunja leso mpaka ikawa kamba.

Kaka mtu akamgeukia. "Safari hii hukunionea huruma?"

"Sikukugusa kabisa."

"Na ungejua tena umekosea, ungeniambia?"

"Nimekuambia mara ya kwanza."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anavyofanya anapokubali kwamba bati limeoza na lazima likatwe. "Wiki nzima umenipigia kelele hazikuniingia hata kidogo. Uliposema umekosea, hapo ndipo nilianza kukusikiliza. Mtu anayesema kosa lake mbele ya mke wangu hawezi kunidanganya kuhusu damu yangu." Kisha kwa daktari: "Kitanda kipo lini?"

"Kipo leo. Mgonjwa wa kesho kutwa ana homa, nimemwahirisha. Ukilazwa sasa tunakuandaa, nafasi yake unaichukua wewe."

"Leo," mkewe alisema, kama anajaribu neno kama linafaa.

"Leo. Nikirudi gereji nitapata gari la kumalizia, na likiisha hilo litakuja jingine. Kalamu iko wapi?"

Akasoma fomu mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, akauliza maswali mawili, akatia sahihi. Saa yake ya mkononi akamvalisha mkewe. Hakuna aliyelia, mkewe alikuwa tayari anapanga nani atafunga gereji na nani ataleta nguo.

Wodini nesi alimjia na kalamu ya wino mzito, achore tumboni mahali mfuko utakapokaa. Akamwambia aketi, asimame, ainame, ili aone mkunjo wa tumbo uko wapi na mkanda unapita wapi.

"Mimi nainama hivi," fundi alisema, akainama kabisa, mkono umekunjwa kana kwamba umeshika bomba la rangi. "Siku nzima. Usinichoree hapo, patakunjamana. Panda vidole viwili."

Nesi akampima, akampima tena, akakubali. Akapanda vidole viwili.

Kaka mtu akasimama wima, akavuta shati juu hadi kifuani akalishikilia kwa kidevu, na alama ikachorwa.