Kipeperushi chenye Pande Mbili

Rhodri, bingwa wa mikakati aliyeletwa na chama kutoka Cardiff, mji mkuu wa Wales, alinipa mimi, mtafsiri wa chama, maandishi mawili ya kipeperushi kimoja. Ya Kiingereza yalisema Chama cha Mabonde, yaani sisi, hakitaungana kamwe na Chama cha Milima. Ya Kiwelisi yalisema tutakaa nao meza moja, hata kesho.

"Haya hayalingani," nikamwambia.

"Wanaosoma Kiwelisi wanaipenda Milima. Wanaosoma Kiingereza hawataki hata kuisikia. Tatizo liko wapi?"

"Na wanaosoma zote mbili?"

"Nani anasoma kipeperushi mara mbili, bwana?"

Nikamnyooshea sarufi ya Kiwelisi chake, nikakipeleka kichapwe. Delyth, mgombea wetu, alikuwa ameacha ualimu kwa ajili ya uchaguzi huu. Alikuwa wa tatu kwenye orodha ya chama, na kiti cha tatu kilikuwa cha kugombania kwa meno. Kiwelisi nilimfundisha mimi, kila Jumanne, na bado alihangaika hata kuagiza chai. Akasaini pale nilipomwambia asaini. Roho iliniuma, ila si sana, nisijisingizie wema.

Siku ya mkutano, ndani ya ukumbi wa kanisa, wakasimama Bi Ceinwen na mumewe, mzee Ron. Miaka arobaini wamegawana kila barua inayoingia nyumbani: mama anasoma Kiwelisi, mzee anasoma Kiingereza.

"Ron anasema hamtaungana na Milima," akasema Bi Ceinwen. "Nimemwambia uzee umemwingia, hajui tena kusoma."

"Na mimi nimemwambia avae miwani," akasema Ron. "Tangu asubuhi hatusemezani. Hebu tuamulie, binti."

Watu wakacheka. Rhodri akajifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Delyth akakigeuza kipeperushi, akapitisha kidole chini ya kila mstari wa Kiwelisi, polepole, midomo ikicheza. Kisha akanitazama.

"Ulinifundisha neno 'kamwe' wiki ya kwanza," akasema. "Hapa halipo."

Akawageukia wazee wale. "Mmesoma sawa wote wawili. Tumewadanganya, na jina lililo chini ni langu."

Rhodri akaninong'oneza, "Safi sana hiyo. Itafsiri, tuichape pande zote."

Delyth alikipata kiti kwa tofauti ya kura sitini na moja. Wiki mbili baadaye Mabonde na Milima wakaungana, Rhodri akitabasamu katikati ya picha. Mkataba ulikuwa wa lugha mbili. Delyth aliusoma wote peke yake, kidole chini ya mstari, siku tatu nzima.

Jumanne zangu sasa ziko wazi.