Kidonge Kizima

Mlinzi wa kliniki ya utafiti aliwazuia tena, kama kila wanapokuja.

"Mwenye kadi apite. Msindikizaji akae nje, benchi lile la juani."

"Sawa, baba," alisema Vifungo. "Na kifungo chako cha pili, nacho umekitoa nje kikakae juani?"

Mlinzi alijitazama kifuani. Palikuwa na uzi mtupu, unaning'inia. Kabla hajaushika, Vifungo alikuwa ameshachomoa sindano kwenye upindo wa mtandio wake na kufungua kikopo chake cha vifungo, ambacho hakikosi mkobani.

"Simama wima. Na usipumue sana, nisije kukudunga ukasingizia kazi."

Kola, mwenye kadi, alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hizi hata kucheka kulikuwa na ushuru wake. Saratani iliyoanzia titini ilikuwa imeshahamia kwenye mifupa ya mgongo, na mgongo haukupenda mzaha.

"Nenda, we," Vifungo alimwambia bila kuinua macho kwenye sindano. "Utanikuta hapahapa."

Hayo hayakuwa majina waliyopewa na wazazi. Yalikuwa majina ya kiwandani. Kwenye kiwanda cha mashati kila mtu aliitwa kwa kipande alichoshona, kwa hiyo palikuwa na Mfuko, palikuwa na Mkono, palikuwa na mama mmoja mnene waliyemwita Pindo mpaka siku ya mazishi yake. Kola alikaa kiti cha pili kutoka mwisho. Cha mwisho kabisa kilikuwa cha Vifungo, na kabla ya kufika kwake shati lilikuwa bado kitambaa chenye matumaini.

Kila alipokaa kwenye kiti cha kusubiria, Kola alirudi kule. Aliusikia mngurumo wa cherehani zikianza pamoja asubuhi. Aliinusa harufu ya mafuta ya mashine na kitambaa kipya. Aliuona mwanga wa madirisha ya juu, na vumbi la pamba likielea ndani yake bila haraka. Zaidi ya yote alikumbuka fungu. Kila mtu alikuwa na fungu lake la vipande vya kumaliza kwa siku, na asiyemaliza alikatwa mshahara. Lakini mmoja akiugua, fungu lake liligawanywa kimyakimya, hiki huku, hiki kule, na msimamizi alipopita alikuta kazi ya mgonjwa imekwisha. Hakuna aliyeomba wala aliyeshukuru. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Kisha mitumba ikajaa sokoni, kiwanda kikafungwa, cherehani zikabebwa kwenye malori. Siku ya mwisho Kola alirudi kuchukua kandambili zake, akakuta sakafu tupu yenye alama za miguu ya mashine, safu kwa safu.

Ugonjwa uleule ulimpata Vifungo kwanza. Alipambana nao. Aliuza cherehani yake ya nyumbani, akauza kabati, akatundikiwa dripu za dawa awamu baada ya awamu, mpaka hospitali ikamwambia dawa zile hazimsaidii tena. Kola alipougua hakuwa na cha kuuza. Alikatwa titi, akarudi nyumbani akakaa.

Uliposikika utafiti wa dawa mpya kwa waliofika hatua ya mwisho, walikwenda pamoja. Kola alikubaliwa. Vifungo aliambiwa ameshapitia dawa nyingi mno, na utafiti unawataka ambao hawajazipitia.

"Kumbe kujitibu ni kosa," alisema Vifungo walipotoka. "Ningejua, ningebaki na cherehani yangu."

Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kimoja kwa siku, cha manjano, kilichopakwa utando laini. Asubuhi ya kwanza Kola alikiweka mezani akakitazama kama alivyokuwa akilitazama fungu la mgonjwa. Akachukua wembe wa kufumulia mishono, akakigawa katikati. Vifungo, aliyekuwa amekuja kumwona, alipokea nusu yake. Upande uliokatwa ulikuwa mchungu kama shubiri, wakakunja nyuso, wakatazamana, wakacheka, wakanywa maji ya chupa moja. Tangu hapo ikawa hivyo kila siku. Siku za kliniki, ambazo kidonge humezwa baada ya kutolewa damu, walikigawana pale kwenye benchi la juani.

Leo muuguzi alipomaliza kumtoa damu hakumpa ruhusa ya kuondoka. Alimpeleka kwa daktari, akaketi kando akiandika.

Daktari wa utafiti alikuwa kijana wa sauti ya chini, asiyependa kuwatisha watu. Alimwonyesha picha ya mgongo. Uvimbe ulikuwa umekua.

"Mama, dawa unameza kila siku?"

"Kila siku."

"Maana damu tuliyochukua safari iliyopita inaonyesha dawa nusu ya tunayotarajia." Aliiweka picha mezani. "Na hii dawa, mama, nusu yake haifanyi nusu ya kazi. Inaweza isifanye kazi kabisa."

Kola aliitazama mikono yake. Hilo hakuwahi kuliwaza. Kiwandani nusu ya fungu ilikuwa nusu ya fungu. Uliiunganisha na nusu nyingine, jioni ukapata shati.

"Hata kwa mtu mwingine? Nusu haimsaidii?"

Kalamu ya muuguzi ilisimama. Daktari aliinuka, akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo.

"Wenye utafiti huu wako mbali, mama. Masharti wameyaandika wao. Anayegawa dawa anatolewa siku hiyohiyo. Anayesahau kumeza anaonywa, chupa yake ya vidonge inahifadhiwa zahanati ya mtaani kwake, na anamezea mbele ya muuguzi kila asubuhi." Aligeuka. "Sasa nakuuliza, na usinijibu kwa haraka. Ulikuwa unasahau?"

"Na aliyekataliwa kwa sababu alishajitibu sana, yeye anakwenda wapi?"

"Anasubiri utafiti mwingine."

"Unakuja lini?"

Daktari alishusha macho. "Sijui, mama."

Katika maisha yake Kola aliwahi kukosa vitu vingi, lakini kumbukumbu haikuwa mojawapo. Aliyakumbuka majina ya safu nzima. Alikumbuka nani aliimba sauti ya juu na nani alipenda kuazima mkasi bila kurudisha.

"Nilikuwa nasahau," alisema.

Muuguzi alimletea kidonge kwenye kikombe kidogo, na maji. Kilikuwa kizima, laini kama kifungo cha shati la mtoto. Kilipita kooni bila kuacha kitu. Kisha akaambiwa afungue mdomo na ainue ulimi, akafungua, akainua.

Nje, Vifungo alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi mwenyewe, kivulini. Mlinzi alisimama kando, shati limefungwa vizuri. Wembe ulikuwa umeshafutwa, chupa ya maji imeshafunguliwa. Alipomwona Kola alinyoosha kiganja kama kawaida.

"Leo sina," alisema Kola.

"Wamekutoa?"

"Hawajanitoa. Nimemeza kizima mbele yao. Na kesho hivyohivyo, na keshokutwa. Chupa itakaa zahanati ya mtaani."

Kiganja kilibaki wazi kidogo, kisha kikajikunja chenyewe.

"Umewaambiaje?"

"Kwamba nilikuwa nasahau."

"Wewe?" Vifungo alicheka kwa pua. "Wewe unayekumbuka mpaka uzi wa shati langu la kwanza?"

"Wa buluu. Ulikukatikia."

"Tundu la tatu," Vifungo alimalizia. "Msimamizi akaniita kifaranga."

Kola alimweleza yaliyobaki, maana halikuwa jambo la kufichana. "Daktari anasema nusu haisaidii. Si mimi, si wewe. Tumegawana bure."

"Bure?" Vifungo alimtazama. "Asubuhi zote zile?"

Kola aliegemea ukuta, akiupumzisha mgongo.

"Basi wewe meza chako," Vifungo alisema taratibu. "Kizima. Nisisikie umekitema kwa ajili yangu, nitakuja na sindano hukohuko zahanati." Aliuviringisha wembe kwenye karatasi yake, akautia kwenye kikopo pamoja na vifungo, akafunga kifuniko. "Kikiwa kizima ni kichungu hivyohivyo?"

"Hakina ladha yoyote."

"Aa," alisema Vifungo, kama aliyeelezwa habari za mtu waliyepotezana naye siku nyingi.

Mlangoni mlinzi alikuwa akimwambia mtu mwingine kwamba mwenye kadi apite. Vifungo aliinua chupa, akanywa hadi nusu, akaifuta mdomo kwa kiganja, akampa Kola iliyobaki. Kola aliyanywa maji polepole, akiutafuta ule uchungu kwenye ulimi. Haukuwepo.