Mkono wa Hosea

"Ottie, huyo marehemu wako, ule wimbo wake alikuwa akiupigia mkono mara mbili au mara tatu?"

Jirani yangu Arzula aliniuliza hivyo mwaka juzi, tukimenya kunde kibarazani. Nilicheka. Nilimwambia kazi yangu ilikuwa kufua mashati yake, siyo kuhesabu mikono. Sikujua kwamba swali hilo lingenirudia mbele ya watu.

Sisi hapa Alabama huimba tumekaa mraba, pande nne tukitazamana, na anayeongoza husimama katikati akishusha na kupandisha mkono. Kinanda hatuna. Mume wangu Hosea alitunga wimbo mmoja tu maishani mwake, akafa hajauandika. Jumamosi moja mpwa wake Coy, aliyesomea muziki chuoni, alikuja kanisani akiwa ameuandika kwenye karatasi. Jumatatu karatasi hiyo ilikuwa ipelekwe kwa wachapaji wa kitabu kipya cha nyimbo. Ukishapigwa chapa, utaimbwa hivyo hivyo mpaka Bwana arudi.

Mwanzoni mwa mstari Coy alikuwa ameandika tatu juu ya nne, yaani mkono upigwe mara tatu kwa kila kipande cha wimbo. Akasimama katikati, akapiga: chini, chini, juu. Chini, chini, juu. Noti zilikuwa zile zile za Hosea, lakini kila neno lilianguka kwa kishindo, kama mtu anayepanda ngazi na gunia begani. Ubeti wa pili Arzula akaacha kuimba.

"Dada Arzula, umechoka?" Coy akauliza.

"Nimechoka na wewe. Wimbo huu ulikuwa unabembea, wewe umeufunga mawe."

Watu wakacheka. Coy hakucheka.

Nikasimama. "Coy, mjomba wako alipiga mbili. Noti tatu mkono ukishuka, tatu ukipanda."

"Shangazi, samahani, lakini wewe noti husomi."

"Sisomi. Ila nimekaa benchi la wanawake wa sauti ya alto miaka thelathini na moja, nyuma ya mgongo wake akiongoza. Mgongo ule nausoma."

"Bega lake lilikuwa bovu tangu alipoangukiwa na gogo la mti. Alipiga mbili kwa sababu ya maumivu tu."

Moyoni nikamwomba Mungu nisitie chumvi, maana bega kweli lilikuwa bovu.

"Bega lilimuuma," nikasema. "Lakini nyimbo za tatu aliziongoza kwa tatu, hakuiba hata pigo moja. Tukifika nyumbani nilimsugua dawa mpaka vidole vyangu vikawasha. Angekuwa mtu wa kukwepa, angezikwepa hizo."

Coy akatazama karatasi yake.

"Piga mbili basi, mwanangu," Arzula akamwambia. "Mara moja tu. Usipoupenda, sisi tutakula kuku wetu wa mchana tunyamaze."

Akainua mkono. Chini, juu. Chini, juu. Mkono ulipopanda, yale maneno yaliyokuwa mazito yakawa mepesi. Tuliimba beti zote nne bila mtu kutazama karatasi, na ule wa mwisho Coy mwenyewe aliuimba kwa sauti kubwa kuliko sote.

Kisha akaketi, akatoa ufutio. Katika ile mistari ya kusimama inayokata wimbo vipande, akawa anafuta mmoja, anauacha mmoja, mpaka chini ya ukurasa. Akaifuta ile tatu ya mwanzo, akaandika sita: tatu za kushuka, tatu za kupanda. Akanionyesha. Nikaitikia kwa kichwa.

Sahani yake ya kuku ilikuwa tayari mezani, nimeifunika kwa kitambaa. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akachukua kofia yake, akatoka, sahani hajaigusa.