Neno la Kupata Mabati

Watu walimwita Mama Bati, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali. Kila gari la shirika lake la misaada lilipoingia mtaani watoto walilikimbilia wakiimba, na wanawake waliokuwa wakifua walinyoosha migongo wamsalimie kwa heshima ambayo hata mumewe hakuwahi kumpa. Vita vilikuwa vimeondoka na paa za nusu ya mtaa, na yeye ndiye aliyekuwa akizirudisha. Anayefanya kazi kama hiyo asivimbe kichwa hata kidogo ni malaika, na Mama Bati hakuwa malaika.

Shirika lenyewe lilikuwa na huruma, hilo halina ubishi, ila huruma yake ilipangwa kwa mafungu kama nyanya za sokoni. Wajane, mabati. Wazee, blanketi na sabuni. Waliokatika miguu, magongo. Mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa na watu wenye bunduki, asijulikane yu hai au amekufa, hakuwa na fungu. Ilibidi aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya wakaguzi na majirani, kwamba yeye ni mjane. Asiposema, mabati yanapita mlangoni kwake yakienda kwa mwingine.

Ndivyo yalivyompita Msusi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwingi wa utani, aliyesuka nywele za mtaa mzima pale barazani kwake, akiishi na mama mkwe wake chini ya turubai lililochoka. Wakaguzi walipomuuliza mara ya kwanza kama ni mjane alijibu, "Mume wangu yupo." Wakamuuliza yupo wapi. Akaangua kilio, nao wakaaga wakaenda zao.

Jambo hilo lilimkera Mama Bati. Mvua zilikuwa karibu, na yule bibi, mkwewe Msusi, alikuwa na kifua kibovu. Akianza kukohoa unamsikia kutoka barabarani. Kesho yake alikwenda kwa Msusi, akakaa kwenye kigoda, akavua kilemba, akasema anataka kusukwa.

"Na wakati unanisuka nitakufundisha kitu," alisema. "Sema: marehemu mume wangu."

Vidole vya Msusi vikasimama. "Hilo siwezi, dada."

"Ni neno tu. Unalisema, unapata paa, halafu unalisahau. Nani atakushitaki?"

"Mama akisikia je?"

"Mama yuko kwa jirani anapiga soga. Na yeye ndiye atakayelala pakavu. Haya, sema."

Msusi akasema, na papo hapo akauvuta msuko hadi machozi yakamlenga Mama Bati. Akasema tena, sauti ikamkwama. Mama Bati akamrekebisha kama mwalimu wa darasa la kwanza: usimeze mate hapo, usiangalie chini, usilie, maana ukilia watajua una shaka. Marehemu mume wangu alikuwa dereva. Marehemu mume wangu ameniachia mama yake. Walipofika msuko wa mwisho neno lilikuwa likitoka laini kabisa, hata Msusi akatania kwamba marehemu angekuwepo angedai na yeye bati lake. Wakacheka wote wawili. Mama Bati alirudi ofisini kichwa kinamuuma na roho imetulia. Katika yote aliyoyajutia baadaye, kile kicheko ndicho kilichomchoma zaidi.

Siku ya wakaguzi alikuwa amepanga bibi apelekwe zahanati akapimwe kifua, asiwe karibu. Mpango ulikuwa mzuri, ila zahanati siku hiyo haikuwa na foleni. Bibi alirudi mapema, akaingia uani akiegemea fimbo yake, akamkuta mkwewe amesimama mbele ya watu, macho makavu, akieleza kwa sauti safi kwamba marehemu mume wake alikuwa dereva. Mkaguzi mkuu akainamisha kichwa, akampa pole. Majirani nao wakampa pole. Mmoja wao, kwa wema tu, akamgeukia bibi akampa pole na yeye.

Bibi hakuitikia. Mabati yalipoletwa alikaa pembeni akiwatazama mafundi wakipaua. Fundi mmoja akamtania kwamba sasa mvua itapiga hodi mpaka ichoke. Hakucheka. Jioni alikunja lile turubai la zamani, akachukua mkeka na sufuria yake, akaenda kujisitiri nyuma ya nyumba karibu na jiko la nje. Mkwewe alimfuata mbio akamuuliza anafanya nini.

"Silali chini ya kifo cha mwanangu," bibi alisema.

Tangu siku hiyo hakumwita tena mwanangu, kama alivyozoea. Alimwita Mjane. Mjane, niletee maji. Mjane, chumvi imekwisha. Hakumtukana wala hakumfokea, na chakula alichopikiwa alikula, lakini hakuvuka kizingiti.

Mama Bati alizipata habari hizi mvua zikiwa zimeshaanza. Alikwenda na blanketi, akainama, akajipenyeza chini ya turubai. Maji yalikuwa yakichuruzika upande mmoja, na mkeka ulikuwa umelowa ukingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Mkweo hana kosa. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema vile, ili mpate mabati. Hakuna anayejua kama mwanao amekufa."

"Wewe ulimwona amekufa?"

"Sikumwona."

"Kuna aliyekwambia alimwona?"

"Hakuna, mama."

Bibi akakohoa kwa muda mrefu, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga. "Basi mwambie aje hapa aseme mume wangu yupo, kama alivyokuwa akisema. Nami nitaingia ndani leo hii."

Mama Bati alitoka na blanketi lake mkononi, akiwa nusu anakimbia. Angeweza kuyang'oa mabati yale kwa meno kama angeambiwa afanye hivyo, na kumbe aliyoombwa ni maneno matatu. Ndani palikuwa pakavu, panapendeza, na mvua ilipiga bati kwa kishindo hata ikabidi apaze sauti kumweleza Msusi aliyoyasema mama mkwe wake.

Msusi alikuwa amekaa kitandani, kitana kimelala mapajani.

"Unadhani sijajaribu, dada? Nilimwendea siku ya pili tu. Nikafungua mdomo, hayakutoka."

"Ulimwogopa?"

"Mama nimwogope nini? Hapana." Akakigeuzageuza kitana. "Zamani gari likisimama pale barabarani nilikuwa nashtuka, naangalia mlangoni. Hata kama nimeshika kichwa cha mtu. Sasa sigeuki. Siku ile nilipolisema bila kulia, nilijisikia nasema kweli. Basi ikawa kweli. Ulinifundisha vizuri mno."

Hakulisema kwa ubaya, na heri angelisema kwa ubaya. Mama Bati alitaka kumwambia amdanganye tu yule mzee, kwani ni neno tu. Likamfia mdomoni. Alihisi aibu ambayo hakuwahi kuihisi tangu aanze kazi ya kusaidia watu, na hakujua aipeleke wapi. Alikuwa amekuta nyumba hii haina paa, ina watu wawili wanaomngoja mtu mmoja. Sasa aliyekuwa akingoja alibaki mmoja, naye alikuwa nje.

"Mjane," bibi akaita kutoka kule nyuma, kikohozi kikimkatisha. "Mjane, kuni zimezimika."

"Abee, mama," Msusi akaitika upesi, kama mtu aliyeitwa kwa jina alilozaliwa nalo, akachukua kiberiti akatoka mvuani.