Kiatu cha Kulia cha Mama Wini

7.

Namba moja hadi sita nimezichana. Yalikuwa malalamiko matupu, na daftari si mahali pa mtu mzima kulilia. Tuanzie hapa.

Mimi ni Dominikus Nyenza, mwalimu mstaafu wa jiografia, Kihesa, Iringa. Mke wangu ni Skolastika, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Wini. Alishona viatu kiwandani miaka ishirini na miwili, mpaka kiwanda kilipofungwa. Februari alipata kiharusi, upande wa kulia. Ulimi umerudi wote, tena na nyongeza. Mkono umerudi kidogo. Mguu

Mguu nitaueleza nikitulia.

8.

KARATASI YA KLINIKI
Jina la mgonjwa: Skolastika Nyenza.
Mguu wa kulia: umevimba, unaburuta.
Maelekezo: Atembee nje ya nyumba dakika ishirini kila siku. Viatu viwe vya kufunga, vyenye kufunika kisigino. Kandambili HAPANA.
Angalizo: Mguu usipofanyishwa kazi katika miezi hii, unaweza kukakamaa moja kwa moja.

(Chini yake, kwa penseli, mkono wa kushoto, herufi zimelala kama zimechoka:)

Siendi.

9.

Si ukaidi. Tumejaribu jozi tisa za mtumba. Mguu wa kulia haulingani tena na mwenzake, kinachoingia huku kinapwaya kule. Alitoka mara moja na kandambili iliyofungwa kitambaa. Ikamvuka mbele ya duka, wanawake wa jumuiya wanatazama, na mmoja akainama kumwokotea. Huyo mmoja ndiye aliyemmaliza. Alirudi nyumbani, na huu ni mwezi wa nne hajavuka geti.

*[kwa penseli: Wa tano.]*

10.

TANGAZO LA MNADA WA HADHARA

Umma unatangaziwa kuwa mali chakavu za kilichokuwa Kiwanda cha Viatu Lugongo zitauzwa kama zilivyo na mahali zilipo, yaani:
(a) meza za kukatia, kumi na moja;
(b) feni, hazizunguki;
(c) mashine za kushonea ngozi, sita, bila uhakika wowote;
(d) kengele ya zamu.
Mnunuzi ataondoa mali yake mwenyewe. Malalamiko hayatapokelewa baada ya nyundo kugongwa.

11.

Nimenunua moja ya (c). Ile yenye namba 14 ya rangi nyeupe ubavuni.

Yake.

Wanaume wanne waliisukuma kwa mkokoteni kutoka stendi. Mama Wini aliiona dirishani, akavuta pazia. Siku tatu hakuzungumza nami ila kuhusu chumvi.

12.

VIFAA VILIVYOPO STOO, VYOTE VYA KUJITENGENEZEA

Msharasi wa kutobolea: spoku ya baiskeli, mpini wa mpera.

Kisu cha ngozi: kipande cha msumeno wa chuma, kimenolewa kwenye ngazi ya jikoni (mke wangu hajui).

*[kwa penseli: Anajua.]*

Kitoboleo cha matundu ya kamba: kipande cha antena ya redio.

Nta ya uzi: mshumaa mmoja umeyeyushwa pamoja na nta ya nyuki ya Kilolo.

Mashine: mota nimeitoa. Ilikuwa inakimbia kuliko akili yangu, na siku ya kwanza ilishona mkono wa shati langu, shati likiwa mwilini. Badala yake nimechomelea pedeli ya baiskeli kwenye gurudumu la kulia, ya kuzungusha kwa mkono. Mzunguko mmoja, mshono mmoja.

Kalibu, yaani mguu wa mbao wa kuvalishia kiatu kikiwa kinashonwa: mparachichi. Nilimpima kwa uzi mchana, akiwa amesinzia kibarazani.

*[kwa penseli: Sikuwa nimesinzia.]*

13.

UANI KWA JIRANI, MAMA SHUKURU NA WIFI YAKE, WAKIANIKA

— Mwalimu anafanya nini humo stoo?
— Anashona.
— Anashona nini?
— Kwa sauti ile, labda bati.
— Na mwenyewe Mama Wini?
— Yuko jikoni. Anachagua mchele uleule tangu asubuhi.

14.

SKOLASTIKA

Wewe unayesoma, unadhani nilikuwa siisikii? Naijua mashine ile kama ninavyokijua kikohozi cha mwanangu. Uzi wa juu alikuwa ameukaza mno. Sindano butu. Na alikuwa anaivuta ngozi badala ya kuiachia iende yenyewe, kosa la wiki ya kwanza, tulikuwa tunawapiga wageni vidole kwa kosa hilo.

Nilitaka kwenda kumwambia. Nikaikumbuka ile asubuhi tuliyokuta karatasi ya kufungwa kwenye geti la kiwanda, wanawake sitini, aproni tumeshazivaa. Siku ile niliapa sitaigusa mashine tena. Na sasa mkono wenyewe wa kuigusia

uko mapajani, umelala.

Sikuwa na hasira na mume wangu. Nilikuwa naogopa. Ukikaa kwenye kiti ambapo watu walikujua kwa uhodari, ukashindwa mbele ya mumeo, unainuka ukiwa nani?

15.

Ngozi ya sokoni ni ngumu, ingemchubua. Nimeharibu vipande vitatu nikijifunza, na vyote vingemchubua.

Nyumba hii ina ngozi moja laini. Ni mkoba wangu wa kazi. Aliushona yeye kwa mabaki ya kiwandani mwaka tuliochumbiana, na nimebebea humo ramani na madaftari ya watoto wa watu miaka thelathini na mmoja. Niliupakata tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana. Nikawaza: kama mguu ule utakakamaa, mkoba utanisaidia nini?

Nikaufumua. Ilitoka ngozi ya kutosha viatu viwili, bila akiba.

Nikaweka patani, yaani umbo la kiatu lililokatwa kwa karatasi, nikachora, nikakata. Nikaiongeza upana kwa ajili ya uvimbe, nikaiweka tena vilevile, nikachora, nikakata. Nilijisikia fundi.

Nikavilaza vipande viwili mezani, sawasawa, nivitazame.

16.

Kushoto.



Kushoto.

17.

Sikuigeuza patani. Mtoto wa darasa la kwanza anajua kuwa mguu mmoja unautazama mwingine.

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Sijui muda gani. Mlango wa stoo ukasukumwa, na Mama Wini akasimama pale, mkono wa kushoto umeshika fremu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia humo tangu mashine ije.

"Baba Wini, mbona kimya? Nimeshazoea makelele."

Nikamwonyesha.

Aliviangalia vipande. Kisha akaangalia msumari mtupu nyuma ya mlango, mahali pa mkoba.

"Umeukata mkoba wangu."

"Nimeukata."

"Halafu ukanikatia mguu wa kushoto mara mbili."

"Ndiyo."

"Mwalimu wa ramani."

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

*[kwa penseli: Alilia sana. Nilimwacha, halafu nikampa kitambaa cha kupakia uzi nta, ndicho kilichokuwa karibu.]*

Alikichukua kile kipande kipana kwa mkono wake mzima, akakipindua, akakilaza. Upande wa ndani wa mkoba ukawa juu: manyoyamanyoya, vumbi la chaki lililokomaa, na doa la wino lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto.

"Haya. Huu sasa ni wa kulia."

"Lakini ndani itakuwa nje."

"Hata kiwandani tulikosea. Tunageuza, mteja anadhani ni mtindo mpya." Akaniangalia. "Ondoka hapo. Hujui hata kukaa."

"Hiki si kiti, ni ndoo."

"Basi niletee kiti."

18.

Pedeli iko kulia, na mkono wake wa kulia hauwezi. Kwa hiyo ngozi anaiongoza yeye kwa kushoto, na gurudumu nalizungusha mimi nikiwa nimesimama ubavuni kwake. Mashine moja, watu wawili.

Zungusha.

Zungusha.

Taratibu, hatufukuzwi.

Zungusha.

Legeza uzi. Si huo. Huo.

Zungusha.

Simama. Nimesema simama, Baba Wini, tundu la ngozi haliponi.

Zungusha.

Zungu

(uzi umekatika)

Tena.

19.

MASHINE NAMBA 14, KAMA INGEULIZWA

Mikono miwili tofauti. Mmoja unaujua mwendo wangu, mwingine unajikaza. Nimewahi kufanya kazi kwa haraka zaidi.

20.

SKOLASTIKA

Zamani nilimaliza jozi themanini kwa zamu moja. Hii moja imetuchukua siku sita. Siku ya pili niliharibu pindo la kisigino, nikamtupia Baba Wini maneno ambayo hakustahili, nikaenda kukaa jikoni. Alinifuata na kiatu mkononi, akasimama tu kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye bomba. Nikarudi.

Nilikuwa nimeogopa bure. Mkono wa kushoto ulikuwa unaangalia miaka yote ile kumbe, umejifunza kimyakimya.

Sasa kiatu cha kushoto kinang'aa na cha kulia kina manyoya na wino. Sijawahi kujivunia viatu kama hivi, na kiwandani nilishona vya mabwana wakubwa.

Nimevifunga mwenyewe. Fundo la mkono mmoja si zuri, lakini limekaza.

Baba Wini akachukua kofia yake aniongoze. Nikamwambia hapana.

"Mama Wini, njia imelowa."

"Naiona."

"Basi nikufuate kwa mbali."

"Ukinifuata watamwona mgonjwa anayechungwa. Nataka waone mtu anakwenda zake. Wewe usivuke geti."

Uso wake ulisawijika. Nampenda mwanamume yule, nampenda vibaya sana, ndiyo maana sikugeuka kumtazama mara ya pili, kwa sababu ningemtazama tu ninge

21.

Saa kumi na robo, alasiri.

Ametoka. Nimemsikia hadi kwa Mama Shukuru: hatua, mburuto, hatua, mburuto. Hapo palikuwa na kimya kirefu. Kisha hatua. Sasa ameshapita kona na simsikii tena. Hakusema anakwenda wapi wala anarudi saa ngapi, nami nilikuwa na maswali mengi nikayameza yote.

22.

Wewe unayesoma.

Kama uko kwenye barabara ya kwenda sokoni Kihesa, utamwona. Ana gauni la kijani. Usimkimbilie. Usimshike kiwiko. Akisimama kando ya ukuta, ujue anapumzika, nawe endelea na safari yako. Kitu kikimdondoka, mwache aamue mwenyewe kama anakitaka. Mkikutana uso kwa uso mwambie kamwene, kama unavyomwambia mtu yeyote wa hapa, usubiri aitikie, upite.

Mimi siwezi kuja. Nipo getini, upande wa ndani. Nimeshika komeo kwa mikono yote miwili, na sijavuka.