Kiti cha Nyuma

Maida alishuka kwenye basi mjini Guayaramerín ameziba pua kwa leso, na leso yenyewe ilikuwa imeshaanza kunuka. Safari nzima kutoka Santa Cruz abiria wa kiti cha pili alikuwa amemlalia begani, akimdondoshea mate. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia mpaka kwenye kope. Na sasa mji alimozaliwa ulimpokea kwa harufu ya matumbo ya samaki yaliyoachwa juani, kana kwamba haukuwa na zawadi nyingine ya kumpa.

Hakuja kukaa. Alikuja kumchukua mama yake, na tiketi mbili za basi la kesho asubuhi zilikuwa mkobani. Mdogo wake, Rolo, ndiye aliyempigia simu akitweta kwa hasira: "Dada, mama anazungushwa uwanjani. Na Mbrazili. Njoo umchukue kabla hajatumaliza kwa aibu."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mji huu una tabia yake, na Maida aliijua tangu utotoni. Jua likipoa, kila mwenye pikipiki huoga, hujipaka manukato, akaenda kuzunguka uwanja mkuu polepole, raundi baada ya raundi, bila kwenda popote. Mwanamke aliyekaa nyuma, mikono kiunoni mwa dereva, huyo ndiye mkewe. Padri atakuja baadaye akitaka. Asiye wako humpakii ukapita naye uwanjani, labda uwe na mtoto mbele, kwenye tangi. Mtoto akiwepo, huyo wa nyuma anaweza kuwa dada au jirani tu, na watu hawana la kusema.

Mama yake, Bi Otilia, alikuwa na miaka sabini na mbili. Tangu kufiwa na mume alikuwa amefunga nyumba yao nzuri ya uwanjani akahamia bandarini, kwenye kibanda cha mbao juu ya nguzo, kwa mzee mmoja fundi wa injini za mitumbwi aliyevuka Mto Mamoré kutoka upande wa Brazili na akasahau kurudi. Maida alipofika, tai weusi watatu walikuwa wamekaa juu ya paa wakingoja. Chini yao mzee Valdir alikuwa kifua wazi, akimpasua samaki mkubwa aina ya surubi juu ya ubao. Damu ilikuwa imemfika viwikoni. Visigino vyake vilikuwa na nyufa za kuweza kuficha sarafu. Kwa kuwa mikono ilikuwa michafu, alimnyooshea kiwiko cha mkono amshike hapo. Maida aliutazama mkono ule, hakuugusa.

"Karibu, mwanangu," Valdir alisema.

"Mimi si mwanao."

"Basi karibu, mgeni. Samaki hajui tofauti."

Ndani alicheka mtu, na Maida akatambua kwa uchungu kwamba ni mama yake. Hakukumbuka kuwahi kumsikia akicheka kwa sauti namna ile, na cheko lile lilimkera kuliko harufu.

Chakula kilikuwa yule samaki, na ndizi za kupondwa na nyama kavu. Valdir alikishika kichwa cha samaki kwa mikono miwili, akafyonza jicho, akatema kijiwe chake sahanini kikalia ting. Mchuzi ulimchuruzika kidevuni. Bi Otilia akainua upindo wa gauni lake akamfuta, hivi hivi, huku akiendelea kuzungumza habari za bei ya unga wa muhogo. Maida alisukuma sahani. Dirishani alikuwa ameona kamba ya nguo: gagulo la mama yake na chupi ya yule mzee vimebanwa kwa kibanio kimoja.

"Mama, fungasha," alisema. "Kesho alfajiri tunaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Kwangu. Chumba chako kiko tayari. Umri huu, mama, na mtu kama huyu? Baba hata hajaoza kaburini."

"Baba yako ameoza vizuri tu," mama alisema, akatoa mwiba mdomoni.

"Nusu ya mji huu ilifundishwa kusoma na baba! Mwalimu mkuu mzima. Halafu mjane wake anazungushwa na mtu anayenuka dizeli na matumbo ya samaki. Huoni haya? Mimi naona kinyaa, mama, nakwambia kweli. Kinyaa."

Bi Otilia alimgeukia mzee. "Umesikia, Valdir? Unanuka."

"Nimesikia. Leo nanuka surubi. Kesho nitajaribu pacu."

Mama alicheka tena, kisha akamtazama binti yake. Macho yalikuwa yale yale ya zamani, yasiyoomba kitu. "Jioni njoo uwanjani," alisema. "Kaa kwenye benchi mbele ya nyumba yetu. Hapo nitakupa jibu langu. Nikisema nakwenda, nakwenda."

Maida alikwenda hotelini. Shuka lilikuwa na unyevunyevu, na kwenye kipande cha sabuni palikuwa na unywele wa mtu. Aliuosha ule unywele utoke, akauosha tena, ukajiviringisha kidoleni mwake. Alikaa ukingoni mwa kitanda asiguse kitu, akijiambia kwamba ni leo tu, kesho ataiona Santa Cruz na bafu lake jeupe.

Jioni uwanja ulikuwa umejaa. Pikipiki zilipita moja baada ya nyingine, baba na mama na watoto wawili na mbwa, wasichana watatu kwenye kiti cha mtu mmoja, vijana wenye nywele zilizopakwa mafuta zikang'aa. Moshi, jasho, manukato ya bei poa. Maida aliketi kwenye benchi, leso puani. Ng'ambo ya barabara ilikuwa nyumba yao, na ule mlango wa kijani alimokuwa akisimama mama jioni zote, mikono imefungwa kifuani.

Valdir akafika kwenye kipikipiki kinachokohoa. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Bi Otilia alishuka nyuma yake, akampigapiga begani, naye akaondoka kuzunguka peke yake.

"Pale ndipo nilipokuwa nikisimama," mama alisema, akikaa.

"Najua. Ulikuwa hupendi vumbi."

"Nani alikwambia sipendi vumbi?"

"Baba."

"Ehe." Bi Otilia alinyoosha gauni magotini. "Nikuulize. Baba yako akikuleta kuzunguka, wewe ulikaa wapi?"

"Mbele. Kwenye tangi."

"Na nyuma?"

"Nyuma alikaa shangazi Mirtha." Maida alilisema jina kama alivyolisema maisha yake yote, bila kulifikiria. Binamu yake baba, mwalimu wa darasa la tatu, mwenye peremende za nazi kutoka ng'ambo ya mto.

"Mirtha hakuwa ndugu ya baba yako. Hata wa mbali."

Pikipiki zilipita. Maida alikuwa ameukumbuka mkono. Mkono mnene wenye poda, ukitokea nyuma, ukipita ubavuni mwa baba na kuja mpaka mdomoni mwa Maida na peremende. Alikuwa akifungua mdomo tu kama kinda. Nyuma yake kifua cha baba kilikuwa kikitetemeka kwa kicheko, na yeye akidhani kicheko kile ni chake. Hakuwahi kugeuka. Mtoto wa kwenye tangi huangalia mbele, apigwe upepo. Ladha ya nazi ilimrudia ulimini, tamu, imevunda, na sasa kichefuchefu kilikuwa kile cha kweli, si cha samaki wala cha unywele wa sabuni.

"Watu walijua?"

"Watu walikuwa hapa hapa, wanazunguka. Lakini mtoto yuko mbele, nani angesema neno?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukawa mkubwa, hutoshi. Ndipo akaanza kumweka Rolo."

Maida alifunika mdomo. Sebuleni kwake Santa Cruz alikuwa ameitundika picha ya baba, na kila Jumapili aliifuta kioo kwa kitambaa chake mahususi. Alitamani kunawa mikono.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Hata mara moja?"

"Ningekwambia nini?" Bi Otilia alisema. "Kila mlipopita mlangoni ulikuwa unanipungia mkono. Umefurahi, mashavu yamejaa peremende. Na mimi nakupungia. Baba yako anatazama mbele, yule naye anatazama mbele, wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukinitazama. Ningeacha kukupungia?"

Valdir alikuwa amemaliza raundi, akasimama mbele ya benchi. Harufu ya samaki ilikuwepo bado chini ya sabuni, nzito.

"Wanasema mavi ya kale hayanuki," mama alisema, akiinuka na kushika goti. "Wasemao hawakuishi nayo nyumba moja. Huyu harufu yake inatoka kwa limau."

Alipanda nyuma ya yule mzee, akamzungushia mikono kiunoni, mikono yote miwili, akiegemeza shavu kwenye shati. Kipikipiki kikakohoa, kikaingia katikati ya wengine. Maida akabaki na mkoba magotini, na ndani yake zile tiketi mbili. Chuki aliyokuja nayo ilikuwepo yote, haikupungua hata chembe, ila sasa ilikuwa imehama kutoka kwa mzee Valdir na haikujua pa kukaa.

Walipita kwenye mlango wa kijani, wakakata kona, wakapotea nyuma ya kanisa. Alingoja. Walipotokea tena, mama yake alikuwa ameinua mkono mmoja, anampungia.

Maida alimpungia. Akawa anampungia kila raundi, huku ladha ya nazi imemjaa kinywani.